Redio gani umpelekee mpenda bustani? Aina nne zikilinganishwa

Miaka mitatu iliyopita nilimpelekea mama yangu redio ya kung'aa, isiyo na kitufe hata kimoja ila kioo cha kugusa kwa kidole, nikiamini itamfaa asubuhi anapokuwa kwenye bustani yake kule Lushoto, akipalilia karoti na kuokota viwavi kwenye kabichi. Niliporudi baada ya miezi sita niliikuta kabatini sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, chaji imekwisha siku nyingi. Mama hakuwa ameichukia. Aliniambia tu, kwa upole wa mzazi asiyetaka kumvunja mwanawe moyo, "Mwanangu, hicho kinataka kusuguliwa kama simu, na mikono yangu ndiyo hii," akanyoosha viganja vilivyojaa udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Nje, kwenye tawi la mpeasi, ilikuwa inaning'inia redio yake ya zamani, imezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili mfuniko wa betri usidondoke, nayo inasoma taarifa ya habari bila wasiwasi wowote.

Tangu siku hiyo nimenunua, nimeazima na kuharibu redio kadhaa kwa ajili ya watu watatu wanaopenda bustani: mama huyo wa Lushoto, baba mkwe wangu anayeishi Dar es Salaam na kutunza maua ya vyungu pamoja na kipande cha ukoka, na shemeji yangu mwenye robo eka ya nyanya na hoho nje ya Morogoro, mahali ambapo nguzo ya umeme bado haijafika. Watu hao watatu wamenifundisha kwamba kabla ya kutazama redio yoyote dukani, mnunuzi aitazame kwanza mikono ya mpokeaji na tabia yake ya kuchaji vitu. Aina nne ninazozilinganisha hapa zinapimwa kwa vigezo vilevile, na hakuna iliyozishinda nyingine zote.

Vigezo

Cha kwanza ni umeme wa kuiendesha. Wengi huuliza kama nyumba ina umeme, nami naona swali lenye faida zaidi ni kama mwenyewe ana mazoea ya kuchomeka vitu kwenye chaji kila jioni. Wako watu wenye soketi kila chumba ambao simu zao huzima kila siku saa nane mchana. Hao usiwapelekee redio ya kuchaji.

Cha pili ni uwezo wa kukamata stesheni pale hasa bustani ilipo. Mawimbi ya FM husafiri karibu na tabia ya mwanga, hayapendi kupinda: kilima kikisimama kati ya mnara na bustani, redio itakoroma hata kama mnara hauko mbali. Ndiyo maana katika mabonde ya Usambara mtu anaweza kupata stesheni nyingi akiwa juu ya ukingo, kisha akateremka hadi kwenye vitalu vyake kando ya kijito akabaki na mbili, moja ikiwa ya mahubiri. Mahali pa namna hiyo, antena ya kuvuta inayokaribia sentimeta 75, ambazo ni robo ya urefu wa wimbi la megahezi 100, ina thamani kuliko taa zote zinazomweka mbele ya redio. Masafa ya kati na mafupi, yale ya MW na SW, huvuka vilima kwa urahisi zaidi, lakini kwa kuwa stesheni nyingi zinazosikilizwa Tanzania na Kenya ziko FM, kigezo hicho kina uzito tu kwa mzee ambaye bado hufurahia kuwinda sauti za mbali usiku.

Cha tatu ni sauti ya nje. Chumbani kuta hurudisha sauti. Bustanini inapotea kati ya migomba, na maji yanayotoka kwenye mpira nayo yana kelele yake. Namba za wati zilizoandikwa kwenye boksi za bei nafuu hazina maana kubwa, kwa hiyo tazama ukubwa wa spika na usikilize. Msikilizaji wa habari na mechi anahitaji sauti ya mtangazaji ieleweke neno kwa neno, na besi nyingi humharibia. Mpenda muziki wa dansi atataka kinyume chake.

Cha nne ni maji na udongo. Kwenye baadhi ya vifaa utaona herufi IP zikifuatwa na alama mbili, ya kwanza ikihusu vumbi na ya pili ikihusu maji. IPX4 maana yake kifaa kimepimwa kwa marasharasha ya kutoka kila upande, na hiyo X inasema tu kwamba upande wa vumbi haukupimwa. IP67 maana yake vumbi haliingii na kifaa kinastahimili kuzama kina cha mita moja kwa nusu saa. Redio isiyo na alama yoyote ichukuliwe kuwa inaogopa maji, hata kama muuzaji ataapa.

Cha tano nakiita mikononi, na hapa ndipo zawadi nyingi huanguka. Mwenye bustani hana mkono mkavu. Anataka kuwasha, kuzima na kupunguza sauti kwa kiganja chenye tope au kilichovaa glavu, bila miwani, wakati mwingine kwa kiwiko. Swichi ya kuzungusha inayotoa mlio wa "tak" ni rafiki yake. Vitufe vidogo vyenye kazi tatu kila kimoja si rafiki.

Cha sita ni uhai, yaani redio itadumu kiasi gani, na ikiharibika je, fundi wa mtaani ataweza kuifungua na kuitengeneza. Bei nayo ni kigezo, ila haina maelezo marefu, maana mnunuzi anaujua mfuko wake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie simu. Baadhi ya simu zina redio, lakini nyingi zinahitaji waya wa earphone uchomekwe uwe antena, na mtu aliyeziba masikio bustanini hasikii hodi getini wala nyoka kwenye majani makavu.

Redio ndogo ya betri kavu

Hii ndiyo inayofahamika kuliko zote: inaenea kiganjani au ni kubwa kiasi cha kitabu, ina spika moja, antena ya kuvuta, na nafasi ya betri mbili za AA au zile kubwa za tochi. Wazazi wetu wengi waliikuta kwa jina la National, kampuni mama yake ya Kijapani, Matsushita, ikiwa ilifungua kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966 cha kutengeneza redio na betri. Leo zinauzwa kwa majina mengi, yakiwemo Sony, Panasonic na Tecsun ya China, pamoja na nakala zake, na nakala hizo zinahitaji jicho.

Umeme. Redio ya aina hii hula kidogo sana, mara nyingi miliampea 30 hadi 50 kwa sauti ya wastani. Betri nzuri ya alkali ya AA ina takribani miliampea-saa 2,000, kwa hiyo hesabu inatoa kati ya saa 40 na 65, nazo ni wiki mbili hadi tatu kwa anayesikiliza saa tatu kila asubuhi. Betri za bei ya chini hazifiki hapo, na ndipo mtu huanza kuzianika juani au kuziuma kwa meno ili zimpe siku moja ya ziada, jambo ambalo kila mtu aliyelelewa na redio amewahi kulishuhudia. Faida kubwa ni kwamba betri zinapatikana katika duka lolote la kijijini na redio inarudi kazini ndani ya nusu dakika. Hasara ni kwamba gharama haiishi, na betri chakavu hutupwa kwenye shimo la taka ambalo mwaka ujao litakuwa mboji. Ukimpa mpenda bustani redio hii, mpe pia kopo lenye mfuniko la kuwekea betri zilizokufa, kwani madini yake si ya kulisha mchicha.

Kukamata stesheni. Hapa ina nguvu, hasa zile zenye antena ndefu. Yenye mshale wa kuzungusha hushika kwa urahisi stesheni aliyoizoea mtu, na ikihama kidogo anairudisha kwa kidole gumba. Yenye namba za kidijitali haihami, lakini inadai kukumbuka kitufe kipi kina stesheni ipi.

Sauti. Inatosha kwa maneno, haitoshi kwa muziki. Mtangazaji wa mpira anasikika hadi hatua kumi na tano hivi. Ukiongeza sauti zaidi ya hapo inakwaruza.

Maji na udongo. Haina kinga. Mama huivisha mfuko laini wa plastiki mvua inapoanza kunyunya, na Lushoto katika Juni na Julai mvua hunyunya hata siku ambayo hukuitegemea. Kwa watu wa pwani kuna adui mwingine, chumvi ya hewani, ambayo hula springi za betri zikageuka kijani na kuvunjika.

Mikononi. Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali. Swichi mbili za kuzungusha, moja ya sauti na moja ya stesheni, na mtu hahitaji hata kuitazama.

Uhai. Fundi redio yeyote anaifungua. Tatizo linaloua nyingi ni betri zilizosahauliwa ndani zikavuja, kwa hiyo mpokeaji akisafiri azitoe.

Inamfaa mtu ambaye hachaji vitu, anayesikiliza maneno zaidi ya muziki, na ambaye mikono yake imezoea umbo hilo tangu ujana.

Redio ya kuchaji yenye memori kadi

Ukipita Kariakoo au stendi yoyote kubwa utazikuta zimepangwa mezani zikishindana kwa kelele: vibox vya mstatili vyenye taa za rangi, tochi ubavuni, tundu la flashi, tundu la memori kadi, Bluetooth, na namba nyekundu zinazoonyesha masafa.

Umeme. Betri yake ni ya lithiamu na huchajiwa kwa waya kama wa simu. Nyingi za ndogo hutumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia za vitufe, yenye volti 3.7 na takribani miliampea-saa 1,000. Hili ni jambo la kufurahia kuliko linavyoonekana, kwa sababu betri hiyo ikichoka inapatikana kwa fundi simu wa karibu na mtu anaibadilisha mwenyewe kwa ukucha. Kwa sauti ya juu, taa zikiwaka, inaisha ndani ya saa chache. Kwa sauti ya wastani inavuka asubuhi nzima. Asiyekumbuka kuchaji ataona mateso.

Kukamata stesheni. Mjini hakuna shida. Mabondeni ndipo inapoumbuka, kwani nyingi zina antena fupi na nyembamba na mashine yake ya ndani hupokea kelele za umeme wake yenyewe. Halafu kuna ile kazi ya kuzitafuta zote kwa kubonyeza kitufe kimoja kwa sekunde kadhaa: redio huzipanga stesheni ilizozikuta kuanzia namba 1, na siku umeme wa mnara mmoja ukikatika, utafutaji mpya unazipanga upya, na mzee aliyezoea kwamba TBC Taifa iko namba 4 anakutana na bongo fleva.

Sauti. Kwa bei yake ni kubwa, na hapa inaipita ya betri kavu kabisa. Baba mkwe ana memori kadi moja yenye muziki wa dansi wa miaka ya 1970 na nyingine yenye taarab, na kwake stesheni ni jambo la pili.

Maji na udongo. Ina matundu mengi, na kila tundu ni mlango wa tope. Ya baba mkwe ilinyunyiziwa mara moja tu na mpira wa maji, ikanyamaza siku mbili ndani ya ndoo ya mchele, ikarudi ikiwa na sauti ya mtu mwenye mafua.

Mikononi. Vitufe ni vidogo, vimebanana, na maandishi ni ya Kiingereza chembamba. Kila inapowashwa, nyingi zake hutangaza kwa sauti ya mwanamke wa Kiingereza kwamba ziko tayari kuunganishwa, jambo ambalo saa kumi na moja alfajiri, majirani wakiwa bado wamelala, halipendezi.

Uhai. Tundu la chaji hulegea kwanza. Fundi simu atalichomelea upya, lakini mashine yenyewe ikifa huwa haistahili gharama ya kuitengeneza.

Inamfaa mwenye bustani ya nyumbani mjini, anayechaji kila jioni bila kukumbushwa, na anayependa nyimbo zake mwenyewe.

Redio ya sola na ya kuzungusha mkono

Historia ya aina hii inatugusa. Mwingereza Trevor Baylis aliibuni redio ya kuzungusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika, akiwazia watu wanaohitaji taarifa za afya lakini hawana umeme wala fedha za betri. Na redio hizo zilianza kutengenezwa kiwandani Cape Town. Ya kwanza ilikuwa na springi iliyokazwa kama ya saa ya ukutani. Za leo huzungusha dainamo ndogo inayoijaza betri ya ndani, na juu yake kuna kipande cha sola.

Umeme. Watu huinunua aina hii kwa matumaini makubwa, basi tufanye hesabu. Kipande kidogo cha sola cha redio hizi mara nyingi hutoa kama theluthi ya wati kikitazamana na jua kali. Kwa saa tano za jua zuri hiyo ni zaidi kidogo ya wati-saa moja na nusu, na baada ya kinachopotea njiani ibaki moja. Redio inayosikilizwa kwa sauti ya chini hula sehemu ya tano ya wati hivi, kwa hiyo siku nzima ya jua inarudisha takribani saa tano za kusikiliza. Hizo ni saa za kutosha, mradi sola ipate jua kweli. Kivuli cha jani moja la mgomba likiangukia seli chache, uzalishaji wote unashuka sana, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo. Tena kuna mtego: sola inataka jua kali, nayo betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, joto ambalo boksi jeusi lililoachwa juani saa saba mchana hulifikia bila taabu. Shemeji yangu huiweka juani asubuhi hadi saa nne, kisha huihamishia kivulini. Ule mkono wa kuzungusha ni wa dharura tu; dakika moja ya kuzungusha hukupa dakika chache za kusikiliza, na mtu aliyeshinda analima hahitaji mazoezi mengine ya mkono.

Kukamata stesheni. Ni wastani. Nyingi zina MW pia, na baadhi SW, hivyo nje ya mji zina njia ya pili pale FM inaposhindwa.

Sauti. Ndogo, safi kwa maneno, haina nguvu ya muziki.

Maji na udongo. Baadhi zina kinga ya marasharasha na mfuniko wa mpira juu ya matundu, kwa sababu zilibuniwa kwa ajili ya watu wa kambi na maafa. Tafuta alama ya IP uhakikishe. Vumbi likitanda juu ya sola, chaji inapungua. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Mikononi. Swichi za kuzungusha zipo kwenye nyingi, na mpini wa kushikia pia.

Uhai. Mpini wa dainamo ndio unaovunjika kwanza, hasa watoto wakiugundua. Betri ya ndani mara nyingi imechomelewa, hivyo baada ya miaka michache inahitaji fundi mwenye mkono mzuri.

Inamfaa mwenye bustani iliyo mbali na umeme, anayekaa huko kutwa, na hasa anayefuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusia mbegu za vuli mwezi Oktoba au za masika mwezi Machi. Tochi na uwezo wa kuchaji simu kidogo, ambao baadhi zinao, huko shambani si urembo.

Spika isiyoogopa maji yenye FM

Aina hii ni ngeni kidogo kwa wazee lakini vijana wanaoishi mbali huipenda kuinunua, maana inaonekana zawadi kweli. Ni spika ya Bluetooth yenye gamba la mpira, na ndani yake kuna redio. Zingatia kwamba spika nyingi za namna hii hazina FM kabisa. Soma boksi mara mbili.

Umeme ni wa kuchaji, na nyingi hudumu kutwa. Sauti ni bora kuliko zote nne, hata nje. Kwa maji na udongo haina mshindani: yenye IP67 unaweza kuisahau kwenye mvua ya usiku, ukaiosha asubuhi kwa maji yaleyale unayomwagilia waridi. Vitufe vyake ni vikubwa, vimefunikwa mpira, na vinabonyezeka kwa glavu.

Udhaifu wake uko kwenye kukamata stesheni. Gamba lisiloingiza maji halipendi antena ya kuvuta, kwa hiyo baadhi hutaka waya wa chaji uchomekwe uwe antena, na ukishauchomeka, mfuniko wa kuzuia maji umekwisha kufunguliwa. Nyingine hutegemea simu ilete redio kwa intaneti, ikimaanisha bando, na ikimaanisha simu iwe ndani ya hatua kama kumi. Baba mkwe aliwahi kutumia moja aliyoazimwa na mwanawe. Aliifurahia Jumamosi nzima, Jumapili simu ilibaki ndani ikichaji, naye akashinda akisikiliza neno moja kati ya matatu. Kuhusu uhai, gamba lililofungwa hivyo halifunguki kirahisi, na fundi akilifungua kinga ya maji imekwenda.

Inamfaa anayemwagilia kwa mpira kila siku, anayeishi karibu na minara, na aliyekwisha kuelewana na simu yake.

Ukiinunua ughaibuni

Wasomaji walioko Uingereza wajihadhari na redio za DAB, yaani za matangazo ya kidijitali ya angani, ambazo huko ni za kawaida; hakikisha yenye DAB ina FM pia, la sivyo nyumbani itakuwa pambo. Norway ilikwenda mbali zaidi ikazima FM ya stesheni zake za kitaifa mwaka 2017. Redio za kidijitali za Marekani mara nyingi huruka kwa hatua za megahezi 0.2, kwa hiyo stesheni iliyo kwenye 98.4 inaweza kurukwa kama hakuna swichi ya kubadili hatua, na chaja ya volti 120 peke yake isichomekwe kwenye umeme wetu wa volti 230. Za Japani zilizotumika ziogope kwa sababu ambayo mwenye gari la Kijapani anaijua tayari: nyingi za zamani zinaanzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Aliyeko Oman au Uingereza ana nafuu moja, kwamba plagi ya pini tatu bapa ndiyo ya nyumbani. Betri za lithiamu za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi unaposafiri, si kwenye sanduku.

Dukani, kabla ya kulipa

Toka nayo nje ya duka, kwa sababu maduka yamezungukwa na zege na taa zinazopiga kelele kwenye mawimbi. Tafuta stesheni hafifu, si ile inayosikika hata kwenye kijiko. Vuta antena yote na uizungushe; ikitikisika shinani, iache. Fungua mfuniko wa betri na uufunge mara tano. Kisha lowesha vidole, au vaa glavu ikiwa unayo, ufumbe macho, na ujaribu kupunguza sauti. Muuzaji atakushangaa, lakini jaribio hilo lingeniokoa na ile redio ya kabatini.

Kwa hali ya mpokeaji wako

Ikiwa bustani iko bondeni au kilimani na mpokeaji ni mtu mzima anayependa habari, anza na redio ya betri kavu yenye antena ndefu, uongeze betri nne za kuchaji za AA pamoja na chaja yake endapo yupo kijana nyumbani wa kuzishughulikia. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, na redio nyingi hazijali tofauti hiyo.

Ikiwa bustani iko uani mjini, umeme haukatiki mara kwa mara, na mpokeaji ana nyimbo zake, redio ya memori kadi inatosha. Tumia fedha iliyobaki kumjazia kadi hiyo nyimbo alizozicheza ujanani. Ikiwa mtu huyohuyo hawezi kumaliza asubuhi bila kuloana, na stesheni anazozipenda zinasikika vizuri hapo, nenda kwenye spika isiyoogopa maji.

Ikiwa bustani iko mbali na nyumba na mwenyewe hulala kibandani msimu wa mavuno, chukua ya sola. Ikiwa bustani hiyo imefunikwa na miti mikubwa, kahawa chini na migomba juu, sola haitashiba, hivyo rudi kwenye betri kavu.

Ikiwa humjui mpokeaji vizuri, kwa mfano ni mkwe mpya au mwalimu wako wa zamani, betri kavu ina hatari ndogo zaidi ya kukosea, ingawa pia ndiyo inayoonekana ya kawaida mbele ya wageni. Kwa huyo chagua yenye umbo la heshima na mpini wa kushikia.

Na aina yoyote utakayoichukua, usiikabidhi ikiwa ndani ya boksi. Boksi zuri huenda moja kwa moja kabatini. Mama nilimpelekea redio nyingine mwaka jana, ya betri kavu, nikiwa nimekwisha kuitoa, kuitia betri, kuiweka kwenye stesheni yake na kuifunga kamba ya katani. Nilimwamkia, nikapitiliza hadi bustanini na kuitundika mwenyewe kwenye mpeasi, kando ya ile ya zamani. Aliitazama, akanawa mkono mmoja, kisha akaiwasha kwa ule mwingine.